Tumbo la Ningu

Ningu mwenye mayai humjui kwa mizani. Unamjua kwa kidole. Unamshika chini ya tumbo, unabonyeza kidogo, na tumbo linakirudisha kidole kama mfuko wa unga ulioshindiliwa. Nilifundishwa hivyo na mama nikiwa na miaka kumi na minne, nikimfuata ufuoni alfajiri huku kwetu Bunyala, mahali Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria. Mvua ya masika ikishapiga Cherangani na Mlima Elgon, mto hutushukia ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, na ningu hutoka ziwani kuyafuata yale maji. Wiki hizo mbili tatu mama alikuwa akifungua fundo la leso, ananipa pesa na kuniambia maneno yale yale: chukua wenye mayai, bei usibishane sana. Wateja wa Busia na Kisumu waliwangojea mwaka mzima.

Biashara hiyo niliirithi na nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Nalisema hili mapema kwa sababu yote nitakayosimulia kuhusu kujaribu kumrudisha ningu mtoni yanaanzia kwenye kidole hicho.

Kwa asiyemjua, ningu ni samaki wa mwili wa mviringo, si mkubwa sana, mdomo wake umekaa upande wa chini kwa sababu chakula chake ni utelezi na uchafu laini anaoukwangua juu ya mawe na matope. Wataalamu wanamwita Labeo victorianus, jina alilopewa na Boulenger mwaka 1901. Ni wa bonde la Ziwa Victoria, na mito yake ni hii yetu: Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Kuja, Mara. Ziwani anakula na kunenepa, lakini hatagi huko. Mafuriko yakija hupanda mto, anaingia vijitoni na kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, anataga humo, kisha anarudi. Vifaranga hubaki nyuma kidogo, na maji yakipungua nao hushuka. Shirika la uhifadhi la IUCN sasa linamhesabu miongoni mwa viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Nyanya yangu hakuhitaji shirika kumwambia. Alikuwa akitusimulia jinsi wanaume walivyosimamisha uzio wa matete na fito toka ukingo hadi ukingo, wakapachika vikapu kwenye mapengo. Majirani zetu Waluo wa Alego na Ugenya uzio huo wanauita kek. Kila uzio ulikuwa na wenyewe, ukoo unaojulikana, na mgeni hakuweka kikapu pale bila kuomba. Samaki walianikwa juu ya mapaa hadi nyumba zikanuka. Lakini jambo lililonikaa kichwani ni lile alilolisema kama la kupita tu: mto ulipofura kabisa, uzio ulizidiwa. Maji yaliubeba, au wanaume wenyewe waliufungua wasipoteze fito zao. Siku hizo samaki walipita wote.

Wavu haubebwi na maji namna hiyo. Nyavu za kutega zililetwa Ghuba ya Winam mwaka 1905, na hazikumngoja ningu mtoni. Zilimngoja mdomoni mwa mto, kabla hajaingia, tumbo likiwa limejaa. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka, na mwaka 1965 mtafiti aitwaye Cadwalladr aliandika kuhusu anguko hilo hapa hapa Nzoia, pamoja na jinsi mitego ya wazee ilivyokuwa ikififia. Watu wengi huku humlaumu mbuta, yule sangara mkubwa anayekula samaki wenzake, kwa kila samaki aliyepungua. Mbuta ana makosa yake, lakini wakati ningu anaanguka, mbuta ndiyo kwanza alikuwa akiletwa ziwani. Ningu alimalizwa na nyavu zilizofunga mlango wake.

Mimi hayo yote sikuyajua tulipoanza. Nilijua tu kwamba ndoo nilizokuwa nikijaza tatu kwa asubuhi moja zilikuwa zimekuwa ndoo moja, halafu nusu, halafu samaki wa kuhesabu kwa vidole. Kikundi chetu cha wachuuzi na wavuvi kikakaa, tukaulizana tufanye nini, na jibu lililokuja haraka likawa lile linalowajia wengi: tuzalishe vifaranga wetu, tuwamwage mtoni.

Haikuwa ndoto tupu. KMFRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, imefanya kazi ya kumzalisha ningu kwenye kituo chake cha Sangoro kule Nyakach, kwa hiyo tulijua inawezekana. Tulimpata kijana aliyesomea ufugaji wa samaki, akaja kutufundisha, na naomba nieleze kidogo alichotuonyesha, kwa sababu hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Unamchukua jike aliyeiva, yule wa kidole. Jioni unamdunga sindano ya homoni kwenye nyama ya mgongo, taratibu, samaki amefunikwa macho kwa kitambaa chenye maji ili atulie. Homoni ile inafanya kazi ambayo kawaida hufanywa na mafuriko: inauambia mwili wake kwamba wakati umefika. Unamrudisha kwenye tangi na kumlinda usiku kucha. Alfajiri unamfuta maji vizuri, unampapasa tumbo kuelekea mkiani, na mayai yanatiririka kwenye beseni kavu, madogo kama chembe za mtama, ya kijani kibichi kilichopauka. Juu yake unakamulia manii ya dume. Unakoroga kwa unyoya wa kuku, kwa sababu kitu kingine chochote kitayapasua. Ndipo unatia maji, na mayai yanafura mbele ya macho yako, kila moja likijitenga na mwenzake. Tuliyatandaza kwenye wavu mwembamba ndani ya maji yanayopita. Kesho yake kulikuwa na kitu kama nyuzi zinazotikisika. Mama mmoja wa kikundi, ambaye amekata samaki maisha yake yote, alipiga magoti kando ya tangi na kukaa pale bila kusema neno.

Usiku wa tatu umeme ulipotea na pampu ikasimama. Kufika asubuhi wote walikuwa wamelala chini, weupe.

Tulirudia. Mara ya pili tulipata vifaranga waliokua hadi urefu wa kiungo cha kidole. Hawakutosha, tukaongezea wengine walionunuliwa kwa mtu ambaye hakutaka kutuambia mama zao walitoka mto gani, na wakati ule hatukuona sababu ya kumsumbua. Siku ya kuwamwaga tulipanga viti na hema kando ya daraja, wageni wakatoa hotuba, watoto wa shule wakaimba, na tukamimina ndoo moja baada ya nyingine huku watu wakipiga picha. Niliondoka pale nikiamini tumemaliza kazi.

Siku ya nane nilikuta wavulana wawili wakivuta neti ya mbu kwenye kina kifupi, chini kidogo ya daraja lile lile. Kwenye jerikani lao lililokatwa juu walikuwamo vifaranga wetu. Walikuwa wakiwauza kama chambo kwa wavuvi wa mbuta wanaotumia kamba za ndoano. Niliwauliza wanajua ni samaki gani. Mkubwa wao akaniambia, kwa heshima kabisa, "Hapana mama, lakini wanakaa hai sana kwenye ndoano." Sikuweza kuwakasirikia. Hakuna aliyewaambia, na kule kwao siku hiyo hapakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Kilichonisumbua zaidi kilikuja polepole, usiku, nikipiga hesabu. Majike tuliowadunga sindano tuliwapata wapi? Tuliwanunua kwa wavuvi wa mdomo wa mto na wa huku ndani. Yaani katika wale wachache waliofanikiwa kupenya nyavu na kuanza kupanda, sisi tuliojiita waokoaji tuliwakamata baadhi, tukapoteza mayai yao kwa sababu ya pampu. Kama tungewaachia tu waende zao, wangetaga bila umeme wala homoni.

Kipindi hicho hicho mpwa wangu aliyekuwa chuoni alinionyesha kwenye simu habari za samaki wa Marekani aitwaye salmoni. Nilimsikiliza kwa nusu sikio hadi aliposema kwamba samaki huyo huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, na miaka ikipita hurudi kutaga kwenye mto ule ule aliozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji yake. Nikamwambia arudie. Wale wa bahari ya Pasifiki wakishataga hufa, na hapo wanatofautiana na ningu, ambaye hurudi ziwani. Lakini habari nyingine ilikuwa yetu tupu. Walijengewa mabwawa njiani. Wakubwa wakasema msijali, tutajenga vituo vya kuzalisha vifaranga, na kwa zaidi ya miaka mia wamezalisha na kumwaga mamilioni kwa mamilioni. Salmoni wa asili wakaendelea kupungua vilevile katika mito mingi, maana kifaranga wa tangini huja mtoni bila kujua mto, na akichanganyika na wa asili huweza kudhoofisha uzao wao. Hapo nilimkumbuka yule mtu wetu wa vifaranga wasiojulikana mto, nikanyamaza.

Mwishowe, mpwa wangu akaniambia, mahali pengine waliamua kuufungua mto. Kwenye mto Elwha, jimbo la Washington, bwawa la kwanza lilikamilika mwaka 1913. Mabwawa yake mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014. Kwenye mto Klamath, mpakani mwa Kalifornia na Oregon, mabwawa manne yaliondolewa, kazi ikaisha mwaka 2024, na Oktoba ya mwaka huo huo salmoni walionekana juu ya pale ukuta ulipokuwa, mahali ambapo hawakuwa wamefika kwa zaidi ya miaka mia. Hakuna aliyewabeba. Njia ilipofunguka walipita.

Niliangalia ile video ya maji yakipasua ukuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Huku chini Nzoia hatuna ukuta wa saruji mbele ya ningu. Ukuta wetu ni wa uzi.

Basi nikaenda na maneno hayo kwenye kikao cha ufuo, nikiwa na moto wa mtu aliyegundua kitu. Nikawaeleza wavuvi kwamba watu wa kabila la Lower Elwha Klallam, ambao salmoni ni uhai wao, waliacha kuvua kwenye mto wao tangu 2011, na hawakufungua tena, tena kidogo tu, hadi 2023. Miaka kumi na miwili. Nikategemea ukimya wa kukubali.

Mzee mmoja, aliyenijua tangu nikitembea na mama, akauliza, "Na miaka hiyo yote walikula nini?"

Sikuwa na jibu. Kisha akaongeza, bila ukali wowote, "Na wewe, mwanangu, ukija alfajiri unabonyeza tumbo la samaki, unatafuta nini? Mimi nategea pale mdomoni kwa sababu wewe unalipa. Ningu asiye na mayai unampa bei ya chini, mwenye mayai unampa karibu maradufu. Ukiacha kumtaka, mimi nitakesha pale na mbu kwa ajili ya nani?"

Kikao kiliendelea na mambo mengine. Mimi nilibaki pale pale kwenye swali. Nilikuwa nimetafuta adui kwenye nyavu, kwenye mvua, kwa wazungu wa mwaka 1905, na mzee akanionyesha kwamba bei ya samaki yule iliwekwa na mimi na wenzangu, na kabla yetu na mama zetu.

Kuwaleta wachuuzi wenzangu pamoja kulikuwa kugumu kuliko kudunga sindano. Tulikaa nyuma ya matanuri ya kubanikia, wanawake kumi na kitu, na lililowauma lilikuwa la haki kabisa. Uvuvi wa omena, dagaa wa ziwani, hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Julai. Huo ndio wakati mto unapofura. Mama mmoja mjane akasimama: "Serikali imefunga omena, sasa dada yetu anafunga ningu. Karo ya muhula wa pili nitalipa na nini?" Hakuna semina iliyowahi kutuambia kwamba ulinzi wa samaki mmoja hukutana na wa mwingine kwenye jiko la mtu mmoja.

Tulichofanya ni kidogo na kina matobo, lakini nitakisema. Tulianza kuweka kwenye chama kila wiki tangu Januari, fungu la peke yake, lisiloguswa hadi maji yageuke rangi. Wakati huo ukifika, kila mchuuzi huchukua mkopo usio na riba wa kununulia bidhaa nyingine: kambare, mboga, mkaa, chochote. Na kwa wiki tatu tangu mafuriko ya kwanza, hakuna kati yetu anayenunua ningu mwenye mayai, kwa bei yoyote. Wavuvi nao, kupitia kamati ya ufuo, ile tunayoiita BMU, wakakubali kutotega katikati ya mkondo wiki hizo. Pembeni kwa ajili ya kambare na kamongo, ruhusa. Katikati papite.

Mwaka wa kwanza ulituvunja moyo. Wachuuzi wa kutoka mbali walisikia Bunyala kuna ningu wasionunuliwa, wakaja na pikipiki na makasha ya barafu, wakanunua wote. Wawili kati yetu walirudi nyuma wakanunua pia, na sikuwa na uso wa kuwalaumu. Mwaka wa pili kamati ilisimama ufuoni yenyewe, na wale wa pikipiki walikuja siku mbili tu wakaona haiwalipi mafuta. Yule mjane ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote.

Halafu kuna swali la wanaenda wapi wakishapita. Zamani hapa Bunyala mto ulimwagika kwenye nyasi pande zote mbili, na huko ndiko ningu alikotaga. Sasa kuna matuta ya udongo, daiki kama tunavyoziita, zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Siwezi kuzitukana daiki. Zikipasuka tunalala mashuleni na watoto, na nimelala huko zaidi ya mara moja. Lakini zimemfungia samaki nje ya kitanda chake, kwa hiyo analazimika kwenda juu zaidi, kwenye vijito ambavyo havijazibwa, na huko anakuta wachimba mchanga na mikaratusi iliyopandwa hadi majini.

Kijito kimoja tulikipata mwenyewe wake akikubali kuzungumza. Ni mkulima, shamba lake linateremka hadi majini, na alikuwa amelima mahindi mpaka ukingoni. Tulimwomba aache hatua kumi. Akaacha, na si kwa sababu yetu. Alisema babake alikuwa akimtuma pale na kikapu akiwa mdogo, na angependa wajukuu waone. Mafunjo na nyasi zilirudi zenyewe ndani ya misimu miwili. Hatukupanda hata moja.

Aprili iliyopita alinipigia simu saa nne usiku. Nikapanda pikipiki kwenye matope hadi kwake, tukatembea bila tochi, akanishika mkono nisiteleze. Kabla ya kuona chochote nilisikia: mchapo wa mikia kwenye maji mafupi, katikati ya nyasi, hapa na pale, kimya, halafu tena. Hawakuwa wengi. Sikujaribu kuwahesabu. Tulisimama hadi miguu ikafa ganzi, na yeye alikuwa akinong'ona jina la babake.

Siku chache baadaye, maji yakianza kushuka, yule mzee wa kikao aliniita kwenye mtumbwi wake. Alikuwa ametega pembeni kama tulivyokubaliana, na kati ya kambare alikuwamo ningu mmoja. Aliniinulia bila kusema kitu, akingoja. Nikamshika chini ya tumbo, nikabonyeza. Lilikuwa laini, limelegea, halina kitu. Alikuwa ameshataga, yuko njiani kurudi ziwani.

Nilimnunua, kwa bei ile ya mwenye mayai.